Watoto Niliowakalisha Ukutani

Nyumba ya binti yangu hapa Msalato imepakana na shule ya msingi. Kinachotutenganisha ni ua wa minyaa na kijia chembamba cha watu waendao kuchota maji. Nilihamia hapa mke wangu alipofariki, na tangu hapo kazi yangu ya asubuhi ni kukaa barazani na kikombe cha chai ya rangi nikisubiri kengele. Saa nne na nusu inagongwa. Naisikia kwa miguu kabla ya masikio, maana nimeishi na kengele za shule maisha yangu yote ya kazi. Inagongwa, milango inafunguka, halafu hakitokei kitu.

Hakuna mbio. Hakuna mtoto anayegombea zamu yake. Nasikia vijiko vikigonga vikombe vya uji, minong'ono, na mwalimu wa zamu akisema, "Kaa chini wewe, utajichafua." Watoto wote wale wanakaa kwenye kivuli cha madarasa kama abiria walioachwa na basi. Nusu saa baadaye kengele inagongwa tena, wanarudi ndani wasafi kama walivyotoka.

Mpita njia angesema hii ni shule yenye nidhamu. Mimi kimya kile kilinikosesha raha kila siku, kwa sababu najua kinavyotengenezwa. Niliwahi kukitengeneza mwenyewe.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya kijijini, upande wa Haneti. Sitaji jina lake, kwa kuwa kosa halikuwa la shule. Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi kufundisha watu wangu. Shule ilikuwa na majengo mawili ya madarasa yaliyotazamana, na katikati yake uwanja mpana wa mchanga mwekundu, laini kama unga wa uwele. Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori iliyotundikwa kwenye nguzo.

Miaka ya mwanzo, ringi ile ilikuwa haijamaliza kulia kabla uwanja haujajaa. Wavulana walicheza chandimu kwa mpira wa makaratasi na kamba, timu tatu kwenye uwanja mmoja, na sijui walijuaje nani ni adui. Wadogo walicheza kombolela, wakajificha nyuma ya jiko, nyuma ya vyoo, mmoja hata chini ya meza yangu ofisini, akiniomba kwa macho nisimtaje. Wasichana walicheza rede.

Kwa asiyeijua, rede ni hivi. Wawili wanasimama kila mmoja upande wake na wanarushiana mpira wa matambara. Katikati yupo mmoja, na mbele yake pana chupa tupu. Kazi yake ni kuikwepa mipira na papo hapo kuijaza chupa mchanga, gao kwa gao, kiganja kimoja kimoja, mpaka ifurike. Mpira ukimgusa, anatoka, anaingia mwingine.

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa darasa la tatu, na hakuna aliyeweza kumtoa. Nilikuwa nasahihisha madaftari dirishani nikimwona. Mguu mmoja hewani, mkono mmoja mchangani, kichwa kimeinama, mpira umepita juu ya mgongo wake, na yeye anacheka kabla hata haujapita. Alijaza chupa, akaimwaga, akaanza upya, kwa sababu kujaza ndiko kulikuwa na raha. Nilikuwa nikiinua kalamu nyekundu na kuisahau hewani. Sikujua kwamba zile ndizo zilikuwa siku zangu nzuri. Nilidhani nimechelewa tu kusahihisha.

Lazima niseme habari ya mama yangu, maana bila yeye kosa langu halieleweki. Mama alipofuka kwa vikope. Ni ugonjwa wa macho uliowatesa sana watu wa huku kwetu. Mtoto anaugua macho mara nyingi, anapona, anaugua tena, na akishakuwa mtu mzima kope zinageukia ndani na kukwaruza jicho mpaka mwanga unazimika. Nilipokuwa mdogo, kila baada ya siku chache mama alilaza kichwa mapajani mwangu, nami nikamng'oa kope kwa kibano kilichofuliwa na mhunzi. Alikuwa akisema, "Usiogope, vuta." Nilivuta. Hazikuisha. Nilipoajiriwa alishika uso wangu kwa mikono miwili ili ajue nimekuwaje.

Kwa hiyo bwana afya alipokuja shuleni na pikipiki yake kuzungumza habari za macho, nilimsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu. Alisema watoto waoshe nyuso kila siku. Alisema nzi hupenda uso wenye tongo na makamasi. Katikati ya mengi aliyosema, alisema pia kwamba vumbi nalo linawasha macho. Sentensi moja tu. Mimi nikaondoka na hiyo.

Maji yetu yalitoka kwenye visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa korongo, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Wasichana waliyaleta kwa madumu asubuhi. Kiangazi kikikaza, dumu moja ilibidi litoshe darasa zima. Nikapiga hesabu zangu. Wasipokimbia hawatatimua vumbi. Wasipotimua vumbi hawatachafuka. Wasipochafuka, maji machache yatatosha kuwasafisha. Niliiona ni akili kubwa.

Nikatangaza mstarini: kuanzia leo hakuna kukimbia wakati wa mapumziko. Kila darasa litakaa chini kwenye ukuta wake, kwenye kivuli, na kiranja atapita na beseni na kitambaa kibichi, amfute kila mmoja uso.

Kijana mmoja mnene wa darasa la kwanza akanyoosha kidole. "Mwalimu, hata kuruka pale pale nilipo?"

"Hata pale pale ulipo."

Walimu wakacheka, nami nikacheka.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Ungewaona wamekaa, magoti yanatetemeka kama ya ndama aliyefungwa. Wadogo walichora mchanga kwa vidole mpaka mwalimu wa zamu akawakataza na hilo. Kufikia mwezi wa pili walizoea. Mtoto huzoea upesi, na hilo ndilo nililoliita mafanikio. Wageni walikuja, wakaona nyuso safi na uwanja uliofagiliwa ambao mistari ya ufagio ilidumu mpaka jioni. Nililetewa barua ya pongezi, nikaitia kwenye fremu. Walimu wakuu wa shule nyingine walikuja kutazama, nikawatembeza mikono nyuma.

Nyumbani binti yangu aliniuliza, "Baba, mpaka lini?"

"Mpaka mvua zinyeshe."

Mvua zikanyesha. Nikasema sasa kuna tope.

Halafu macho yakaja. Walianza watoto wawili wa darasa la tatu, wakawa watano, na asubuhi moja binti yangu aliamka kope zimegandamana, akipapasa ukuta kutafuta mlango. Nilipomwona anapapasa, nilimwona mama. Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa, lakini mimi sikuwa mtu wa kuonyesha hofu. Hofu yangu ilitoka ikiwa hasira.

Nilikuwa nimesikia kwamba wasichana wanajificha nyuma ya jiko kucheza rede. Siku ile mstarini niliwaita waliotajwa. Binti yangu hakutajwa na mtu. Nilimwita hata hivyo, kwa sababu nilikuwa na ushahidi wangu, macho yake.

"Umekimbia," nikasema.

"Sijakimbia, mwalimu."

Shuleni alikuwa hana ruhusa ya kuniita baba. Niliweka kanuni hiyo siku alipoanza darasa la kwanza, watu wasije wakasema nampendelea.

"Macho yako yanasema umekimbia."

Nikampiga viboko viwili mkononi. Hakulia. Aliniangalia kwa macho yale yaliyovimba, akasema taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau, "Baba, sijakimbia."

Nikaongeza cha tatu, kwa ajili ya lile neno "baba".

Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara nyingi. Sasa naiacha.

Macho yake yalipona. Zahanati walimpa dawa ya kupaka, na namshukuru Mungu hayakuacha kovu. Kilichobaki na kovu ni kingine. Kanuni yangu ililegea yenyewe baada ya miaka miwili, walimu wapya walipokuja na mimi nikachoka kuilinda. Watoto wakaanza kurudi uwanjani, kwanza wavulana, kisha wote. Binti yangu hakurudi. Alikaa pale pale ukutani, mikono imefunga magoti, mpaka akamaliza darasa la saba. Wenzake walimwita mwanzo. Baadaye waliacha.

Alijifunza ushonaji, akaolewa na dereva wa malori ambaye yuko nyumbani kwa nadra, wakajenga huku Msalato. Ananitunza vizuri. Chakula changu kinakuja kwa wakati, mlenda anaupika kama alivyoupika mama yake, na hajawahi kuniinulia sauti. Lakini ni heshima isiyo na kicheko ndani yake. Mtu anaweza kuishi miaka na heshima ya namna hiyo na asiweze kulalamika kwa yeyote.

Ukweli niliupata msibani, huko Kongwa. Nilikaa kwenye mkeka nikala na mzee mmoja mwembamba, na tulipoulizana tulikotoka nikagundua ni yule bwana afya wa pikipiki, amestaafu kama mimi. Tulifurahiana sana. Nikamsimulia jinsi nilivyoyafanyia kazi mafundisho yake.

"Nikawakataza kukimbia kabisa," nikasema. "Vumbi likaisha."

Akacheka. "Vumbi? Mwalimu, mimi nilisema waoshe nyuso. Sikusema wafungwe miguu. Vumbi linawasha tu. Ugonjwa ule hautoki kwenye vumbi."

"Lakini na nyuso tuliwasafisha. Darasa zima kwa beseni moja, kitambaa kimoja. Kiranja anapita anafuta mmoja baada ya mwingine. Hatukupoteza hata kikombe cha maji."

Akaacha kutafuna. "Kitambaa kimoja?"

"Kimoja kwa kila darasa."

Alitazama sahani yake. Alikuwa mtu mpole, na nadhani alitafuta namna ya kulisema bila kuniumiza, akakosa. "Mwalimu wangu, kitambaa ndicho kilichokuwa kinabeba. Kinatoa kwa huyu kinampelekea huyu. Ndiyo maana tuliwafundisha watu kila mtoto na kitambaa chake, au anawe akaushwe na upepo." Kisha akasukuma nyama upande wangu. "Kula. Tulikuwa hatujui mambo mengi."

Yeye alijua. Mimi ndiye niliyeisikia sentensi moja na kuziacha nyingine.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba jambo hilo, na sikulisema. Mwaka ukapita, na mwingine. Nilikuwa najiambia nasubiri nafasi nzuri, lakini nafasi zilikuja na kupita mbele yangu kila siku zikiwa na sinia la chakula mkononi.

Mwaka huu mwalimu mkuu mpya alikuja hapa shuleni jirani. Ni mwanamke kijana, mwembamba, anayevaa raba. Muhula ulipoanza aliita mkutano wa wazazi. Mjukuu wangu yuko darasa la tatu pale, kwa hiyo binti yangu alikwenda, nami nikafuatana naye kwa sababu ya upweke tu.

Mwalimu akasema hapendi kuwaona watoto wamekaa wakati wa mapumziko. Wanarudi darasani wamechoka kuliko walivyotoka, akasema, na wengine hawajui hata kuruka kamba. Anataka wazazi wamsaidie: walete kamba, matairi, mipira ya matambara, na kama kuna mzee aje siku mbili kwa wiki awafundishe michezo.

Mama mmoja akasimama. "Mwalimu, nia yako njema. Lakini nani aliyechagua soksi nyeupe kwenye shule hii? Mtu huyo hajawahi kukaa Dodoma. Maji yanatoka kwa mgawo, mtoto anarudi kama katoka kwenye tanuri la matofali."

Watu wakacheka. Baba mmoja wa bodaboda akasema kwa nyuma, "Mvalishe soksi nyekundu mama, vumbi lisionekane," wakacheka zaidi.

Mama yule hakucheka. "Mnacheka, lakini malori yanapita hapo siku nzima, vumbi hili litawamaliza watoto macho. Bora wakae. Akikaa hachafuki, asipochafuka haugui."

Ilikuwa sauti yangu. Maneno yangu yale yale, kwa mpangilio ule ule, yamekaa miaka yote hiyo mahali fulani yakanisubiri katika kinywa cha mama wa watu. Nikajikuta nimesimama na fimbo yangu.

"Mama," nikasema, "na mimi niliwahi kusema hivyo. Nilikuwa mwalimu mkuu. Niliwakataza watoto kukimbia ili wasiugue macho. Waliugua. Nilikosea. Waache wakimbie, kisha wanawe, kila mmoja peke yake, kwa maji yanayotiririka."

Nikaishia hapo. Habari ya kitambaa cha kupokezana nikaimeza. Habari ya viboko nikaimeza. Binti yangu alikuwa kwenye benchi la nyuma, sikuthubutu kugeuka.

Mwalimu akafurahi kupita kiasi. "Basi mzee wetu ameshapatikana. Jumanne na Alhamisi. Tena babu utuanzishie rede, hiyo ndiyo naiona imepotea." Wakapiga makofi. Sikuweza kukataa.

Tulirudi kwa kupitia mwanya wa minyaa, yeye mbele mimi nyuma.

"Umesema vizuri," akaniambia bila kugeuka.

"Nimesema nusu."

"Najua. Nilikuwepo."

Siku ya pili yake, baada ya chakula cha mchana, nilivuta kigoda nikakaa karibu na cherehani. Alikuwa anashona mashati ya sare, meupe, yamerundikana kama theluthi ya chumba. Nilimwambia yote. Nilianza na mkeka wa msibani nikaishia na kiboko cha tatu. Sikumwambia habari ya mama yangu. Anaijua, na sikutaka ionekane naomba punguzo.

"Hukukimbia," nikasema. "Ulikuwa umetii. Ugonjwa uliupata kwa sababu ulitii, kwa kitambaa changu. Nami nilikupiga. Na hili nimelijua kwa miaka kadhaa nikala chakula chako nikanyamaza. Nimekukosea, mama. Nisamehe."

Gurudumu la cherehani lilisimama. Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo.

"Kilikuwa cha kijani," akasema. "Kile kitambaa. Kipande cha kanga ya mama."

Nilikuwa nimesahau. Kweli, nilikiomba kwa mke wangu, akachana kanga yake iliyochakaa.

"Mimi nilikuwa nafurahi ikifika zamu yangu," akasema. "Kilinukia nyumbani."

Nje lori lilipita, vyombo vikatetemeka kabatini.

"Nimekusikia, baba," akasema mwishowe, akaanza kukanyaga tena cherehani.

Niliendelea kukaa. Nilipaswa kuondoka, lakini Jumanne ilikuwa inakuja. "Wamenipa rede," nikasema. "Siijui vizuri. Niliona kutoka dirishani tu. Ungekuja siku moja uwaonyeshe."

"Mimi si mtu wa kukimbia tena."

"Basi nielekeze tu."

"Muulize mjukuu wako."

"Hajui. Hawajawahi kucheza."

Alishona mkono mzima wa shati kabla ya kujibu. "Mpira usiwe mzito," akasema. "Ukiwa mzito unaumiza, na mtoto akishaumia mara ya kwanza anaanza kuogopa."

Jumanne asubuhi, pembeni ya kikombe changu cha chai, palikuwa na mpira. Umeshonwa kwa vipande vyeupe vya sare, mshono mara mbili, ndani ni laini kama pamba. Niliuweka mfukoni nikaenda.

Siku ile ya kwanza ilikuwa vurugu. Niliwapanga watoto kama gwaride. Niliwasogeza karibu mno warushaji, kila aliyeingia katikati akapigwa papo hapo. Wavulana wa darasa la sita waliunyakua mpira wakaupiga teke, ukapaa juu ya bati. Mwalimu wa zamu alikuwa anacheka waziwazi. Lakini kilichonichoma kilikuwa kingine. Wadogo waliposimama uwanjani hawakujua wafanye nini na miguu yao. Msichana mmoja mwenye kichwa kilichonyolewa karibuni alinishika mkono.

"Shikamoo babu. Tunaruhusiwa kukimbia?"

"Marahaba. Mnaruhusiwa."

"Hata kama tutachafuka?"

"Hata kama."

Aliniangalia aone kama ni mtego. Kisha akaenda mbio hadi kwenye nguzo ya bendera, akarudi, akasimama mbele yangu akihema, kama aliyeleta barua. "Nimerudi," akasema.

"Basi nenda tena."

Jumatano nilishinda pale langoni nikitengeneza kibuyu chirizi na watoto wa darasa la tano: dumu dogo limetobolewa, limening'inizwa kwenye mti kwa kamba, unakanyaga kijiti chini maji yanatiririka. Watoto wengine wakauliza taulo liko wapi. Nikawaambia hakuna taulo. Upepo wa Dodoma unatosha.

Alhamisi nilikuwa tena na chupa yangu na mpira wangu. Mjukuu wangu alikuwa katikati, ananyanyua mguu anapopaswa kuinama. Nilikuwa nimeweka chupa mbali, karibu na mstari, ili isikanyagwe. Nilikuwa nawaelekeza kwa sauti kubwa mambo nisiyoyajua, kazi niliyoizoea.

"Baba, chupa haikai hapo."

Niligeuka. Alikuwa amesimama kwenye mwanya wa minyaa, futikamba shingoni, shati jeupe la mtu mkononi. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka thelathini tangu aniite hivyo kwenye uwanja wa shule. Nilisogea pembeni kwa kuwa sikuwa na uhakika na uso wangu.

Alitundika shati kwenye tawi. Akaichukua chupa, akaiweka katikati kabisa, akachimba kwa kisigino kishimo kidogo ili isianguke. Akavua ndala.

"Nirushieni," akawaambia watoto.

Hakuna aliyethubutu. Huyu ni mtu mzima, mama wa mwenzao.

"Mnaogopa? Basi shule hii haina warushaji. Nimesikia tu sifa."

Mjukuu wangu akarusha kwa nguvu zake zote. Binti yangu aliinama, mpira ukapita juu ya mgongo, na mkono wake ulikuwa tayari mchangani. Gao la kwanza. Wa upande wa pili akarusha, binti yangu akauruka. Si kama zamani. Goti la kulia lilimgomea, akashika kiuno, akasema "aisee" kwa sauti ya chini. Gao la pili. Watoto walianza kukusanyika, kisha kupiga kelele, na kelele ile nilikuwa nimeisubiri barazani asubuhi zote zile. Nilimtafuta ndani yake mtoto wa darasa la tatu. Nitasema kweli, sikumwona. Alikuwepo mwanamke mnene kidogo, mvi mbili tatu kwenye paji, anayecheza mchezo alioujua zamani. Yule mwingine nilimkalisha ukutani mwenyewe, na hakuna mkutano wa wazazi utakaomrudisha. Bado natamani kumwona. Natamani hata ninapomtazama mama yake mjukuu wangu.

Alisimama kupumua, vumbi limempanda mpaka magotini. "Baba, nenda simama kule. Warushaji hawatoshi."

"Mimi mkono wangu..."

"Rusha."

Nilikwenda mwisho wa mstari. Niliegemeza fimbo kwenye nguzo, nikapima, nikarusha. Mpira ulianguka nusu ya njia, ukabiringika taratibu mpaka miguuni pake, ukasimama.

Watoto wakaangua kicheko. Yeye aliutazama mpira, akanitazama mimi, na kicheko chake kikatoka kwa kuchelewa, kama kilitoka mbali.

"Mwalimu mkuu mzima," akasema. "Hujui hata kurusha."

"Sikuwahi kujifunza."

Akaniokotea, akanirudishia. Nilirusha tena. Na tena. Mchanga ulikuwa umefika kwenye shingo ya chupa kengele ilipogongwa, na watoto wakaondoka mbio, mbio kweli, kwenda kwenye kibuyu chirizi.

Yeye hakuimwaga chupa. Aliiweka chini ya minyaa, akavaa ndala, akalichukua shati la mtu na kulikung'uta ingawa halikuwa na vumbi. Mjukuu wangu alirudi mbio, uso unachuruzika maji.

"Mama, kesho utakuja?"

"Kesho nina mashati."

Tulivuka mwanya, yeye mbele mimi nyuma. Alipofika mlangoni kwake alisimama, akiwa bado amenipa mgongo.

"Jumanne," akasema, "usisimame mbali hivyo."